Jino la Jenerali Ngurumo

Wenye masikio na wasikilize, na wenye kusinzia tutawaamsha tukifika kwenye kilio. Nchi yenyewe iliitwa Tandabelua. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote zilikuwa kambini zikilindwa zisije zikaonekana.

Katika nchi hiyo aliishi daktari wa meno, Machano Bakema, mtu mpole mwenye vidole virefu na sauti ya chini, aina ya mtu anayekung'oa jino huku bado unangoja aanze. Alikuwa na zahanati yake ndogo karibu na soko, na mke wake, Mwanakheri, ndiye aliyepokea wagonjwa mlangoni na kuwatuliza wenye hofu kwa kuwatisha kidogo.

Asubuhi moja lori la jeshi lilisimama mlangoni. Askari wakaingia, wakakibeba kiti cha meno, taa yake, koleo, sindano, hata beseni la kutemea mate. Machano akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba wataalamu wa usalama wamegundua kuwa adui anaweza kuficha redio ndani ya jino lililozibwa, na kwa hiyo kuanzia leo meno yote ya Tandabelua yako chini ya jeshi. Adui huyo ni nani, hawakusema. Tandabelua ilikuwa bado haijapata adui, ila ilikuwa ikimtafuta kwa bidii.

Jioni redio ikatangaza habari njema. Mtaalamu yeyote atakayejiunga na jeshi atapewa cheo kinacholingana na elimu yake ya uraiani, na daktari wa fani yoyote ataanzia ukapteni.

"Nenda," Mwanakheri alimwambia mumewe. "Kiti chako kiko huko, na wagonjwa watapelekwa huko huko. Lakini siku utakayorudi hapa unanipigia kelele za gwaride, utalala jikoni na kuku."

*

Idara ya Vyeo iliongozwa na Kanali Sifuni. Nishani zilikuwa zimemjaa kifuani, zikakosa nafasi, zikashukia tumboni, hivyo kila alipocheka alilia kama punda wa mizigo mwenye njuga. Alimpokea Machano kwa uchangamfu, akavipitia vyeti vyake kwa ncha ya kidole kimoja kama mtu anayepima joto la uji.

"Hongera sana, Daktari. Umesoma. Sasa niambie, umeng'oa meno ya nani?"

"Ya watu, afande."

"Watu gani?"

"Wagonjwa. Raia wa kawaida."

Kanali akasikitika kwa dhati. "Hapo ndipo mkosi wako ulipo, ndugu yangu. Una uzoefu wa meno ya raia. Jino la askari limekula kiapo pamoja na mwenyewe. Huwezi kulishika hivi hivi tu kama jino la muuza mchicha."

"Afande, jino ni jino. Na tangazo lilisema daktari ataanzia ukapteni."

"Tangazo lilisema elimu inayolingana. Yako hailingani. Ngoja nikuonyeshe inayolingana."

Akapiga kengele, akaingia mtu mnene mwenye nyota tatu begani na nzi wawili shingoni. Machano akashtuka. Alikuwa ni Zumo, muuza nyama wa pale sokoni, aliyekuwa akimfungia mifupa kila Jumamosi na kumwambia ni steki.

"Huyu ni Kapteni Zumo, Mkuu wa Kikosi cha Meno," Kanali akasema. "Amesomea buchani. Meno ya vichwa vya ng'ombe aliyokwisha kung'oa, yakipangwa yatazunguka kambi."

"Lakini afande, hata hiyo si elimu ya uraiani?"

"Ng'ombe si raia," Kanali akajibu, na nishani zake zikacheka pamoja naye.

Jambo ambalo Kanali hakulitaja, kwa kuwa kila mtu alilijua, ni kwamba dada yake Zumo alikuwa ameolewa na Jenerali Ngurumo mwenyewe. Basi Daktari Machano akaandikishwa kuruta, cheo ambacho chini yake kuna buti tu, akapangiwa kazi katika Kikosi cha Meno. Kazi yenyewe ilikuwa kumwaga ndoo.

*

Alikikuta kiti chake pale. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, na juu yake palining'inizwa ndoana ya bucha iliyotundikwa koleo. Zumo hakuwa na tabia ya kuliosha. Alilifuta kwa kitambaa, na kitambaa hicho hicho akamfutia mgonjwa midomo, kisha akajifutia jasho. Ganzi aliipiga marufuku, akisema inamwondolea askari ushujaa. Nzi walizoea, wakawa wanakuja mapema kabla ya wagonjwa na kukaa dirishani kwa heshima. Machano alisimama pembeni na ndoo yake iliyojaa damu, mate na vipande vya mifupa ya taya, akaimwaga mtaroni, akarudi, ikajaa tena.

Siku moja aliingia Koplo Tatu, mpishi wa kambi, mwanamke shupavu aliyeweza kuinua sufuria la maharage peke yake. Shavu moja lilikuwa limemvimba. Zumo akamkalisha, akapachika goti kifuani pake, akavuta. Likatoka gego jeupe, zima, zuri kama punje ya hindi.

"Afande, siyo hilo," Machano akasema kabla hajajizuia. "Bovu ni la nyuma yake."

Zumo akageuka polepole. "Wewe wa ndoo umeona nini?"

"Shimo, afande. Jeusi. Linaonekana hata kutoka hapa."

"Kuruta haoni. Kuruta anaonyeshwa."

Na ili kumwonyesha, akaling'oa jino la mbele ya lile alilokwisha kung'oa, nalo likiwa zima, kisha akang'oa na la tatu. Bovu akaliacha palepale, maana kulitoa kungekuwa kumkubali kuruta. Tatu hakulia. Alishuka kitini, akapiga saluti damu ikimchuruzika kidevuni, akasema, "Ahsante, afande." Hilo ndilo lililomchoma Machano kuliko yote. Alitamani mwanamke yule angepiga ukelele.

Kwa kosa la kuona, Machano aliamriwa kugaragara mtaroni, mle mle alimomwaga ndoo, mpaka kengele ya chakula ilipolia. Alipoinuka, nzi wa dirishani walimhamia yeye.

Akaenda hivyo hivyo kwa Kanali Sifuni. "Afande, naomba tena ule ukapteni. Sitaki mshahara wake wala saluti yake. Nataka nikisema 'siyo hilo' nisikilizwe."

Kanali akafungua dirisha, akarudi kukaa mbali kidogo. "Bakema, wewe ni mtu mwema, lakini hujui siasa ya vyeo. Tukianza kuwapa vyeo wanaojua, wasiojua tutawaweka wapi? Na hao ndio wengi. Hao ndio wanaolijenga taifa."

Jumapili aliporuhusiwa kwenda nyumbani, Mwanakheri alizishika nguo zake kwa kijiti, akazipeleka uani. "Nini hiki kinachonuka hivi?"

"Uzalendo," Machano akajibu, akakataa chakula.

*

Sasa basi, Jenerali Ngurumo, ambaye alikuwa Mkuu wa Majeshi, Rais, Jaji wa Mwisho na Mlezi wa Kandanda, naye alikuwa na mdomo, na ndani ya mdomo mlikuwa na gego, na gego likaoza. Tandabelua ilikuwa haijajiandaa kwa jambo kama hilo.

Kwanza shavu lilivimba. Picha zake zote za maofisini zikashushwa, zikachorwa upya na shavu jipya. Maofisa, wasije wakaonekana wamemtangulia kwa uzuri, wakaanza kutia kitumbua kizima ndani ya shavu la kushoto kila waendapo kazini, na wakawa wanatoa amri bila mtu kuelewa neno, jambo ambalo halikuleta tofauti. Kisha ikaja harufu. Ilianzia kwenye meza ya baraza, ikatoka kwenye korido, ikashuka ngazi. Waziri mmoja aligusa pua yake kwa kidole akidai inamwasha, akahukumiwa kwa uhaini mchana ule ule. Wengine wakajifunza kuvuta pumzi kwa nguvu, wakisifu.

"Ndiyo harufu ya kukomaa, Mheshimiwa," Kanali Sifuni alisema, machozi yakimtoka kwa mapenzi ya nchi yake.

Lakini maumivu hayasikii sifa. Jenerali hakulala. Asubuhi alivunja baraza la mawaziri, akaliunda, akalivunja tena kabla ya chai. Akaagiza aitwe shemeji yake na koleo. Zumo aliposikia, alikumbuka ghafla kwamba amefiwa kijijini, akaondoka kupitia mlango wa jikoni. Alijua vizuri kazi ya mikono yake.

Ndipo Kanali Sifuni, akiwa amelowa jasho chini ya nishani, akaja mpaka mtaroni alikokuwa Machano na ndoo.

"Bakema. Unajua kweli, au ulikuwa unajisifu?"

"Najua, afande."

"Akiachwa hivi, itakuwaje?"

"Usaha utashuka shingoni. Usaha unajua njia. Atakufa."

Kanali akaitafakari habari hiyo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha akasema, "Oga. Twende."

*

Kiti cha meno kilikwisha kupelekwa ikulu, kikawekwa katikati ya ukumbi mkubwa. Jenerali Ngurumo alikuwa amekaa juu yake na kofia yake ya dhahabu kichwani, akigugumia. Maofisa walimzunguka na vitumbua vyao mashavuni. Machano alichemsha vyombo, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajaza sindano ya ganzi, akasogea.

"Fungua mdomo," akasema, kwa sauti ile ile aliyowaambia watu wa sokoni.

Walinzi wakakoki bunduki. Ofisa mmoja akameza kitumbua chake.

"Umetoa amri!" Kanali Sifuni akanong'ona kwa kishindo. "Kuruta umemwamrisha Jenerali! Amri ni kama maji, Bakema. Inateremka, haipandi mlima."

"Basi nimwambieje?"

Wakashauriana. Kuomba hakufai, maana mgonjwa anaweza kukataa katikati. Kumshika taya bila amri ni shambulio. Machano akasema, "Nipeni ule ukapteni basi." Wakamcheka kwa huruma. Amri ya kapteni nayo haimfikii Jenerali, wala ya meja, wala ya kanali. Labda naye afanywe jenerali. Hapo Ngurumo akapiga mkono wa kiti. "Fahali wawili!" akanguruma, na upepo uliotoka na neno hilo ukazima kiberiti cha mlinzi aliyekuwa akiwasha sigara.

Kanali Sifuni akapiga hatua mbele kwa unyenyekevu mkubwa. "Mheshimiwa, iko njia. Raia huamriwa na askari yeyote, hata kuruta. Ndiyo sheria yako mwenyewe, na ni nzuri mno. Ukistaafu kidogo tu, mpaka jino litoke..."

"Nimestaafu!" Ngurumo akalia kama mtoto. "Nimestaafu, ng'oeni!"

Akaivua kofia mwenyewe. Kanali akaipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akatoka nayo nje aende kuiweka mahali salama.

"Mzee, fungua mdomo," Machano akasema.

Ukafunguka. Machano alikuwa ameona vinywa vingi, lakini hiki kilikuwa nchi nzima iliyofunikwa. Gego lilikuwa limemomonyoka likabaki ganda tupu, fizi imetuna kama tumbo la chura, na pembeni palichirizika uji wa manjano ambao mwenyewe alikuwa akiumeza tangu mwezi uliopita kati ya hotuba na hotuba. Akachoma ganzi, akangoja ishike. Ngurumo akamkamata kifundo cha mkono.

"Nitakupa umeja," akasema kwa ulimi uliokuwa ukilala. "Umeja, na gari."

Nje zikasikika buti nyingi zikikimbia, kisha wimbo wa taifa ukipigwa haraka haraka. Mlango ukafunguliwa. Kanali Sifuni aliingia, na ile kofia ya dhahabu ilikuwa kichwani pake. Ilimkaa vizuri, kama iliyopimwa.

"Taifa haliwezi kukaa na pengo," akawatangazia maofisa. Nao wakatema vitumbua vyao kwa pamoja, wakapiga saluti.

Kisha akamvuta Machano dirishani. Kiganjani mwake zilikuwapo nyota tatu mpya, zinang'aa.

"Hizi ndizo ulizoniomba. Kapteni Bakema, Mkuu wa Kikosi cha Meno. Zumo tutamrudisha kwenye mifupa yake. Utaosha vyombo unavyotaka, utatumia ganzi unayotaka, na ukisema 'siyo hilo' kambi nzima itasema siyo hilo."

"Natakiwa kufanya nini, afande?"

"Hutakiwi kufanya kitu. Ndio uzuri wake. Weka koleo chini, toka, funga mlango. Umesema mwenyewe, usaha unajua njia."

Machano akazitazama zile nyota. Tusimsingizie kwamba hakuzitamani. Alimwona Tatu amekaa kwenye kiti kisafi. Aliwaona wale askari wote wenye taya zilizopinda, akiwatibu mmoja mmoja. Halafu akageuka kukitazama kile kitu kilichokuwa kitini: mtu mzima aliyewanyang'anya watu hata maumivu yao ya meno, sasa anadondosha udenda kwenye medali, mdomo wazi hawezi kuufunga, macho yamemtoka kwa kuwa alikuwa amesikia kila neno. Hakumwonea huruma. Alimwonea kinyaa, akamwonea kinyaa na Sifuni, na zile nyota zilizolowa jasho la kiganja cha Sifuni akazionea kinyaa kuliko wote wawili. Lakini mdomo ule alikuwa ameufungua yeye.

Akarudi kitini, akabana, akatikisa, akavuta. Gego likatoka na mzizi wake, na nyuma yake ukafuata usaha uliotua kwenye buti za Jenerali mpya. Machano akasafisha, akasuuza, akapachika pamba.

"Uma hapa, mzee. Usiseme."

"Umekaidi amri," Sifuni akasema, akitafuta pa kufutia buti.

"Nimemaliza kazi, afande."

Mahakama ya kijeshi ikakaa hapo hapo kumshusha cheo. Ikapata taabu, maana chini ya kuruta hapakuwa na kitu. Mwishowe Meja mmoja akakumbuka kwamba kuna kiumbe duni kuliko kuruta, nacho ni raia. Basi akahukumiwa uraia. Yeye na Ngurumo wakasukumwa nje ya lango pamoja. Koleo lilikuwa bado mkononi mwa Machano. Kwa jinsi lilivyolowa, hakuna aliyekubali kulipokonya.

*

Zumo alitoka matangani, akapewa Wizara ya Afya. Machano akarudi kwa mkewe. Kiti hakikuwapo, kwa hiyo Mwanakheri akatoa kigoda cha jikoni uani na sufuria la kuchemshia koleo, na watu wakaanza kuja, kwanza kwa kificho, baadaye bila kificho, maana askari wa doria nao walikuja na mashavu yao. Foleni ilizunguka nyumba. Wengi walikuwa wamepitia mikononi mwa Zumo, wengine hawawezi kufumba midomo, wengine hawawezi kuifumbua.

Siku moja wa kwanza kwenye foleni alikuwa Koplo Tatu, aliyekwisha kufukuzwa jeshini kwa kukosa meno yanayotakiwa kwenye gwaride. Lile bovu lake lilikuwa bado linamtesa. Alikuwa ametoka kwake na mapema ili awahi.

Kabla hajakaa, akatokea Ngurumo. Alikuwa amevaa shuka, amekonda, anaishi nyuma ya soko katika chumba cha kupewa. Kidonda kilikuwa kinamwasha, akataka kitazamwe. Hakuuliza nani wa mwisho. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kigoda.

"Foleni inaanzia kule nyuma, bwana," Mwanakheri akamwambia.

Lakini foleni yenyewe ilikuwa imekwisha kusimama wima. Wale wenye taya zilizopinda walivua kofia. Wengine mikono iliwapanda mpaka kwenye paji la uso kabla hawajajua. Njia ikafunguka katikati yao bila mtu kuamriwa.

"Mzee atangulie," Tatu akasema, akirudi nyuma. "Mimi naweza kungoja."

"Ni zamu yako," Machano akasema. "Kaa, dada yangu."

Akamshika mkono, akamkalisha yeye mwenyewe. Akachukua koleo kutoka kwenye maji ya moto, akalikung'uta, akainama. "Haya, fungua mdomo."

Tatu hakufungua. Macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la daktari, yakimtazama Ngurumo, naye Ngurumo alikuwa akimtazama. Ngurumo akafikiri kidogo, akajikusanya ndani ya shuka lake, kisha akatikisa kichwa mara moja, kukubali.

Ndipo Tatu akafungua mdomo.

Daktari Machano Bakema, ambaye tangu aanze kazi hakuwahi kuchefuliwa na kitu kilichomo ndani ya kinywa cha mtu, aliweka koleo chini, akaenda nyuma ya jiko, akatapika.